Moshi Wangu Mmeupeleka Wapi?

Baridi ya huku Plateau, upande wa Eldoret, mwezi wa Julai haina adabu. Haibishi hodi. Inapenya chini ya mlango, inapanda ndani ya suruali, inafika magotini na kukaa hapo kama mjukuu aliyekuja likizo. Watu wa Mombasa wakisikia kwamba Kenya imekatwa na ikweta wanadhani sote tunatoka jasho. Sisi tuko zaidi ya mita 2,100 juu ya bahari yao. Hapa mtu akivua soksi usiku, wenzake wanamuuliza kama anaumwa.

Kwa hiyo tunaota moto. Si anasa wala si maonyesho. Nyuma ya nyumba, kati ya jikoni na zizi la ng'ombe, kuna mahali nyasi hazijaota tangu baba yangu akiwa hai. Hapo kila jioni kuni tatu nne zilielekezana vichwa, tukazunguka na vikombe vya chai, tukaongea uongo wa siku hiyo. Na moshi ulikuwepo. Moshi wenyewe ulikuwa na mtu wake, na mtu huyo ni mimi. Nikihamia upande wa zizi, unanifuata. Nikihamia upande wa jikoni, unakohoa kidogo, unageuka, unanifuata. Mama watoto amelalamika miaka thelathini kwamba mashati yangu yananuka kama nyama iliyokaushwa. Sikubishana naye. Moshi tulikuwa tumezoeana. Hata usiku wa koito, ile posa ya binti yetu, wageni walipokwisha kuondoka na mambo yote yamekubaliwa, wazee wenzangu waliniona nikifuta macho, mmoja wao akasema, "Leo upepo umegeuka vibaya." Wote wakaafiki kwamba umegeuka. Yakaisha.

Basi mwezi wa Mei kijana wangu akapiga simu kutoka Minnesota.

Huyu ni kifungua mimba wetu, muuguzi huko, na huja nyumbani kila baada ya miaka mitatu akiwa na sanduku moja la nguo na matatu ya maoni. Akasema, "Baba, nakuja Agosti na watoto. Lakini ule moshi wa pale nyuma hapana. Macho yangu hayawezi tena." Nikamkumbusha kwamba macho hayo aliondoka nayo hapa yakiwa mazima. Hakucheka. Akatuma picha.

Kwenye picha kulikuwa na pipa la chuma linalong'aa kama sufuria ya harusi, limewekwa kwenye ua wa nyumba ya mtu. Wazungu wamelizunguka wakiwa na kaptura, kumaanisha baridi hawaijui, na kila mmoja ameshika kijiti chenye peremende nyeupe laini kama pamba, anaichoma. Moto unawaka. Moshi hakuna. Hata uzi.

"Linaitwaje?" nikauliza.

Akataja jina la Kizungu. Mimi mpaka leo naliita pipa.

Akanipa na hadithi yake, kwa sababu kijana huyu hauzi kitu bila hadithi. Eti Novemba 2023 yule mwimbaji wa Marekani, Snoop Dogg, mtu ambaye wimbo wake na moshi wake haviachani, alitangaza kwamba anaacha moshi. Dunia nzima ikashtuka. Wengine wakampongeza, wengine wakamwombea. Baada ya siku chache ikajulikana kwamba lilikuwa tangazo la biashara la Solo Stove, kampuni inayouza haya mapipa yasiyotoa moshi. Kila mtu akacheka na kila mtu akalizungumzia. Halafu Januari 2024 kampuni ikabadilisha mkurugenzi mkuu na kukiri kwamba kampeni ililipa jina lao umaarufu lakini mauzo hayakufika walikotarajia. Nikawaza: Snoop Dogg mwenyewe, na umaarufu wake wote, hakuweza kuwauzia Wamarekani wa kutosha. Huyu wangu aliniuzia mimi kwa simu moja, tena ya bure.

Lakini kununua la Marekani sikukubali. Bei yake, ukiongeza gharama ya kulileta na ushuru, ni bei ya kondoo kadhaa, na kondoo angalau huzaa. Nikasema nitatengenezewa hapa hapa. Mafundi wa jua kali wa Eldoret wametengeneza majembe ya trekta, milango ya benki na trela za punda. Pipa litawashinda?

Hapo ndipo nilipoanza kuwa mwanafunzi uzeeni. Kijana alinieleza mambo ya ndani ya hilo pipa, nami nikayachora nyuma ya risiti ya karo ya zamani. Nitawaeleza kama nilivyoelewa. Moshi, kumbe, ni kuni ambazo hazijamaliza kuungua. Ni chakula kilichopakuliwa kikiwa kibichi. Moto ukiwa mkali wa kutosha, na moshi ukapewa hewa nyingine iliyokwisha kupata joto, moshi wenyewe unashika moto. Kwa hiyo pipa lina kuta mbili, moja ndani ya nyingine, na upana wa vidole viwili katikati. Hewa baridi inaingia kwa matundu yaliyo chini. Sehemu yake inapita chini ya kuni na kulisha moto wa kawaida. Sehemu nyingine inapanda katikati ya zile kuta, inapata joto njiani, halafu inatokeza ndani kwa matundu madogo karibu na mdomo wa pipa. Hapo ndipo moshi unapokamatwa, kama mwanafunzi anayetoroka kabla ya kengele, na kuchomwa mlangoni.

Akanieleza pia kwa nini moshi wa zamani ulikuwa ukinifuata. Moto unavuta hewa kutoka pande zote. Ukikaa karibu, mwili wako unaziba upande wako. Hewa ya kule ng'ambo inaendelea kusukuma, kwako hakuna kinachosukuma, basi moshi unalalia kwako. Nikamuuliza mbona haukuwafuata wengine. Akasema, kwa heshima zote za mtoto kwa baba yake, kwamba wengine hawajaziba kiasi hicho.

Nikaenda Langas, kwa mafundi hao wa Eldoret, na risiti yangu.

Fundi wa kwanza aliitazama michoro, akaigeuza, akasoma karo ya kidato cha pili, akasema, "Mzee, hii yote ya nini? Chukua rimu ya lori." Na kweli barabara yetu inayokwenda Malaba haijawahi kupungukiwa na malori, hivyo rimu zipo, nzito, na zinadumu. Tatizo la rimu ya lori ni kwamba ni mafiga ya duara. Inatoa moshi kama kawaida, ila moshi huo sasa umegharimiwa.

Wa pili alikuwa kijana mwenye kofia ya sufu na miwani nyeusi ya kuchomelea iliyopandishwa kwenye paji la uso. Huyu alielewa, au alijifanya ameelewa, jambo ambalo mbele ya fundi huwezi kulitofautisha. "Mzee, hii kitu nitakutengenezea mpaka Amerika watakuja kuuliza."

Tukaanza kuchagua vyuma. Hapa nawaombeni mnisikilize, maana nilikaribia kuuziwa homa. Fundi alitoa bati zuri, jeupe, linameta, na jepesi kukunja. Nilishatoa pochi kijana aliponipigia. "Baba, hilo limepakwa zinki. Lisiingie motoni." Zinki ikipata moto mkali inatoa moshi wake, na huo hauishii kuwasha macho. Fundi mwenyewe alikubali, huku akikwepa macho yangu, kwamba wakichomelea mabati ya namna hiyo bila kuyakwangua, usiku wanatetemeka na kutoka jasho kama wenye malaria. Yeye anaujua moshi huo kwa mwili wake, na bado alitaka kuniuzia nikauote na wajukuu.

Tukakubaliana kuhusu pipa la mafuta la lita 200, likatwe, liwe ukuta wa nje. Ukuta wa ndani akunje chuma cheusi cha geji 16. Geji mnaijua ninyi mlioezeka nyumba: hesabu ya kinyume, namba ikipanda chuma kinapungua. Geji 32 ni gazeti. Geji 28 ni ya mtu aliyeuza mahindi vizuri. Geji 16 haipandi juu ya paa la mtu yeyote, lakini kwa moto wa kila jioni ndiyo inayostahimili bila kujikunja kama chapati. Upana nilitaka mkubwa, watu kumi waenee. Kijana akakataa: pipa pana sana linahitaji kuni za kujaza, na lisipojaa halipati joto la kuchoma moshi. Tukabaki na upana wa pipa lenyewe, kama mikono miwili ukiizungusha. Sijui kama hicho ni kipimo, lakini fundi alikubali.

"Kesho saa nne," akasema. Ilikuwa Jumanne. Nilililipia Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Kabla ya kulitumia tulilichoma tupu mchana kutwa ili rangi na mabaki ya mafuta yaishe. Kwa harufu ile, mbwa alihamia kwa jirani na hakurudi mpaka kesho yake. Nikaliweka mbali na ua wetu wa saiprasi, maana saiprasi ina utomvu na ikishika moto haikusubiri uite watu. Nikalitandikia changarawe chini. Jioni nikaita nyumba nzima. Nikawasha.

Nyie! Pipa lilifuka kama lile gari moshi lililokuwa likipanda Timboroa. Moshi ulitoka juu, ukatoka ubavuni, ukatoka mahali ambapo sikujua pana tundu. Mama watoto alisimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi, akatazama, akasema neno moja tu: "Amerika." Akarudi kwa ugali wake.

Kosa la kwanza lilikuwa la fundi. Matundu ya juu alikuwa ameyatoboa kuta zote mbili, ya ndani na ya nje, ili yafanane. "Yanapendeza, mzee." Hewa iliyopashwa moto kwa gharama zangu ilikuwa ikitokea nje kuota Plateau nzima. Nilimrudishia pipa kwa pikapu ya maziwa. Akaziba matundu ya nje moja moja, akinung'unika kwamba nimemmalizia rodi.

Kosa la pili lilikuwa langu, na hili halina fundi wa kulaumiwa. Kuni.

Mimi nimekuzwa kwenye kuni. Reli ilipofika Eldoret mwaka 1924 ilipita hapa hapa petu, na hata ile mikaratusi mnayoiona imejipanga kwenye mashamba ina ukoo na reli: ililetwa Kenya mwaka 1902 ili injini zipate kuni. Nimekata miwati ya mashamba ya zamani ya kampuni ya EATEC, waliokuwa wakiibandua maganda kwa ajili ya kulainishia ngozi. Nimepasua saiprasi zinazorusha cheche mpaka blanketi ya mtu ikatoboka. Kwa hiyo mtu akiniambia sijui kuni, namtazama kutoka juu mpaka chini. Lakini kijana aliniuliza swali moja kwa simu: "Hizo kuni zilikatwa lini?"

Wiki iliyopita. Julai. Kwenye mvua.

Ukuni uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Kwa moto wa mafiga haidhuru, unalia tu, unatoa povu kwenye ncha, watu wanasogea. Lakini pipa hili linataka kuni ambazo maji yake hayafiki sehemu moja ya tano. Ukilipa kuni mbichi, joto lote linakwenda kuchemsha maji yaliyo ndani ya ukuni, moshi haupati joto la kuwaka, na unarudi tulikoanza. Hata huo ukarimu wa Plateau, ambako maji yanachemka karibu digrii 93 tu badala ya 100, haukunisaidia.

Nikaanza kazi ambayo sikuipanga katika maisha yangu: kukausha kuni msimu wa mvua. Nikazipasua nyembamba, unene wa kifundo cha mkono, kwa sababu nene hazikauki wala haziingii vizuri. Asubuhi saa kumi na mbili wanariadha wanaotoka kambi za upande wa Kaptagat walikuwa wakipita barabarani wakiteleza kama upepo, nami niko uani na shoka, nahema kama ng'ombe aliyekwama matopeni. Mmoja alinipungia mkono. Sikuwa na mkono wa kumpungia. Nilipanga kuni juu ya dari ya jikoni, chini ya kitanda cha wageni, nyuma ya kochi. Mama watoto alivua kiatu kimoja, akakanyaga gome la mkaratusi, akaniuliza kama pipa litakuja kulala ndani pia.

Nilichogundua, na hiki kiandikeni mahali, ni magunzi. Sisi ni watu wa mahindi. Kila boma lina gunia la magunzi yaliyokauka tangu Novemba, yamekaa ghalani hayana kazi. Yanashika haraka, yanawaka kwa ukali, na yanalipasha pipa joto kabla hujaweka ukuni wa kwanza. Kabla ya kugundua magunzi, kutoka kiberiti cha kwanza mpaka moto wa kueleweka, Eliud Kipchoge alikuwa amemaliza zile mbio zake za Vienna, saa 1:59:40, na bado mimi nimepiga magoti napuliza.

Halafu jioni moja likawaka.

Lazima niwe mkweli, maana nimelalamika kurasa nzima. Nilikuwa nimeinama na gunzi mkononi, magunzi ya chini yamekuwa mekundu, kuni nne za miwati zimelala juu yake. Moshi ulikuwa unapanda kama kawaida. Nikaona tundu moja la juu, upande wa zizi, likitoa ulimi mdogo wa moto. Ulimi huo ulitoka kwenye tundu lenyewe, si kwenye ukuni. Kisha tundu la jirani yake. Kisha mduara mzima ukawaka, ndimi zote zimeinama kuelekea katikati, kama wazee waliozunguka chungu cha busaa, kila mmoja na mrija wake. Na moshi ukakatika. Haukupungua, ulikatika, kama mtu aliyezima redio. Nilikaa pale nimekodoa macho, na macho hayakuwasha.

Nilifurahi kwa muda wa kama dakika kumi. Kisha nikagundua miguu yangu ni baridi.

Hakuna aliyeniambia hili. Kuta mbili zinazokula moshi zinakula pia joto linalokuja kwako. Linalobaki linapanda juu moja kwa moja. Ndege wa usiku wa Plateau wanaota vizuri sana siku hizi. Uso unaiva, kifua kinaiva, magoti yako Julai. Na lina njaa! Moto mkali unakula haraka. Kuni ambazo mafiga yangezitafuna mpaka saa nne, pipa limezimaliza saa mbili na linakutazama. Wala huwezi kulijaza ulale: kuni zikipita mstari wa matundu ya juu, moshi unapata njia, na wajukuu walipofika kazi yangu ikawa kuwakimbiza wasilijaze mpaka mdomoni. Mvua ikinyesha uliache wazi, asubuhi una bwawa la majivu na kutu, kwa hiyo lina kofia yake ya bati. Hili si jiko. Ni ng'ombe wa gredi. Wa kienyeji unamfungulia, anajitafutia, anarudi jioni na kikombe chake cha maziwa. Wa gredi anataka chakula chake, banda lake, daktari wake, na ukisahau siku moja anakugomea.

Mama yangu ndiye aliyelichukulia kwa uzito kuliko sote. Kogo, yaani bibi, ndivyo tunavyomwita sote, ana miaka mingi na maneno machache. Aliletwa na kiti chake siku ya pili baada ya wajukuu kufika, akalizunguka pipa kwa macho, akauliza moshi uko wapi. Kijana wangu akamweleza kwa fahari, taratibu, kwa Kikalenjin chake cha Minnesota. Kogo akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza: mahindi ya mbegu yaliyoko darini nani atayafukizia fukusi? Akauliza: kibuyu cha mursik mtakipata wapi ladha? Kwake kibuyu kisichosuguliwa kwa kinga cha mti wa senetwet ni chupa tu ya maziwa yaliyoganda. Kijana akasema, "Kogo, hiyo ni ya jikoni, hii ni ya kuota tu." Kogo akasema moshi haujui hiyo tofauti, na akaomba arudishwe jikoni kwenye moto unaojulikana.

Na akawa ameniacha na fikra. Pafukapo moshi pana moto, walisema wahenga. Hawakutuachia methali ya moto usiofuka, labda kwa sababu hawakuona unafaa kwa nini. Hapa kwetu moshi wa jioni ni salamu. Jirani akiona paa lako halifuki siku mbili anatuma mtoto kuuliza kama mko wazima.

Tena moshi ulikuwa mlinzi wangu. Nina jirani, mwalimu mstaafu, rafiki yangu, mtu mwema. Kila jioni anakuja kuota. Zamani ikifika saa tatu usiku macho yake yalikuwa mekundu kama nyanya, anaaga, "Mwalimu, moshi huu utaniua," anakwenda zake. (Ananiita Mwalimu ingawa sijawahi kufundisha, amezoea.) Sasa hakuna kinachomwondoa. Saa nne yuko. Saa tano yuko, amekunja mguu, anaanza upya ile hadithi ya jinsi alivyokosa cheo cha ukaguzi wa shule kwa sababu ya barua iliyokawia. Naisikia tangu barua iandikwe mpaka ikawie. Kuni ninazozikausha chini ya kitanda ndizo zinazomwangazia.

Lakini watoto walifurahi, siwezi kukataa. Walikuja na zile peremende nyeupe kutoka kwao, wakatuchomea. Ya kwangu ilishika moto, ikageuka nyeusi, na ndani yake ni gundi tamu. Mama watoto alikula nne. Tukajaribu mahindi mabichi juu ya waya. Moto wa pipa ni wa hasira, unaunguza nje na ndani kuko shambani. Tukarudi jikoni kwa makaa. Mdogo kabisa, wa miaka mitano, alijifunza kuhesabu matundu yanapowaka, moja, mbili, tatu, kwa Kiswahili, na alipofika kumi na saba alikuwa anasinzia kwenye mapaja yangu na miguu yake imeingia ndani ya koti langu. Hizo jioni sikusikia baridi sana. Labda nilimzoea mtoto.

Wiki tatu hazikai. Jioni ya mwisho masanduku yalikuwa sebuleni, yamefungwa, yale matatu ya maoni yakiwa yamejaa mursik, unga wa wimbi na chai. Ndege yao ilikuwa kesho yake asubuhi, kutoka Eldoret kwenda Nairobi, kisha huko kwao. Niliwasha pipa mapema. Nilikuwa nimetunza kuni zangu bora kwa ajili ya usiku huo, miwati iliyokauka mpaka ukizigonga zinalia kama kengele. Likawaka safi. Ndimi zote zimeinama, hewa safi, nyota zote ziko mahali pake, unaweza kusoma gazeti.

Kogo alikubali kuja. Mwalimu mstaafu naye, kwa mara ya kwanza, hakusimulia barua. Tulikaa. Kijana wangu alikuwa mkabala nami, ng'ambo ya moto, anamfunga mtoto blanketi. Akaniambia, bila kunitazama, kwamba mwaka huu alikuwa amedhani atanikuta nimezeeka zaidi. Kisha akasema labda miaka mitatu ijayo haitawezekana, kazini wamepunguza likizo, labda minne.

Nikasema sawa.

Kulikuwa na mwanga mwingi mno. Sikuwa na mahali pa kugeuzia uso. Niliinama kama mtu anayepanga kuni, lakini kuni zilikuwa zimepangika. Nikageukia kushoto, mwalimu mstaafu yuko. Kulia, wajukuu. Nikamsikia kijana akisema, "Baba? Uko sawa?"

Mama watoto aliinuka. Nilidhani anakwenda kuleta chai. Alikwenda mpaka nyuma ya zizi, kule nilikotupa zile kuni mbichi za Julai nilizozipiga marufuku, akarudi na tawi la mkaratusi lenye majani yake, linadondosha maji. Akapita katikati ya watu, akalilaza juu ya pipa.

"Mama!" kijana akaruka. "Hiyo ni mbichi!"

"Najua."

"Itatoa moshi!"

"Kaa chini," akasema mama watoto, akavuta kigoda chake karibu na changu. Moshi ulikuwa umeshaanza kupanda, mzito, mweupe, una harufu ya dawa ya kifua. Ukayumba kidogo juu ya pipa kama unaotafuta mtu, kisha ukaja upande wetu.

Mwalimu mstaafu akakohoa, akafuta macho.

"Leo upepo umegeuka vibaya," akasema.